Taa za Tela: Usalama wa Safari za Usiku Unaanzia Nyuma ya Lori

Na Mwandishi Wetu

Mwaka 2023 Serikali iliruhusu mabasi ya abiria ya masafa marefu kusafiri saa 24. Uamuzi huo uliwaondolea wananchi wengi adha ya kulala njiani na kupoteza siku nzima ya kazi. Hata hivyo, umewaweka abiria wa usiku katika barabara zile zile zinazotumiwa na malori yenye matela, yakiwemo yale yanayotoka Bandari ya Dar es Salaam kuelekea Tunduma na nchi jirani. Kwa sababu hiyo, taa nyekundu iliyo nyuma ya tela si jambo la dereva wa lori peke yake. Ni jambo la kila abiria aliye katika basi linalomfuata.

Ubovu wa taa za nyuma una sifa moja inayoutofautisha na ubovu mwingine. Breki ikilegea, mguu wa dereva huhisi. Tairi likipasuka, usukani huvuta. Taa za tela zikizimika, dereva anaendelea na safari bila kujua lolote, na anayelipa gharama ni mtu mwingine.

Hesabu ni rahisi. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo wa mwendo kwa mabasi na malori nje ya makazi, hupita takribani mita 22 kila sekunde. Dereva akichelewa sekunde moja na nusu kabla ya kukanyaga breki, basi limekwisha kula zaidi ya mita 30, na bado halijaanza kupunguza mwendo. Taa zake zikiwa zimeinamishwa ili zisimuumize anayekuja mbele, tela jeusi lenye vumbi huonekana wakati nafasi ya kusimama imekwisha. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Lakini lori lisilo na taa, kadiri linavyokwenda pole ndivyo linavyozidi kuwa hatari kwa anayelifuata.

Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168, hairuhusu chombo kibovu kutembea barabarani, na askari wa usalama barabarani hukagua vyombo hivyo. Lakini ukaguzi hufanyika mahali pamoja na kwa muda mmoja. Taa iliyowaka Kibaha inaweza kuzimika kabla ya Mikumi kwa sababu ya mtikisiko, maji au waya uliosuguliwa na chuma lori linapokata kona. Katikati ya vituo viwili vya ukaguzi, mkaguzi aliyebaki ni dereva na utingo wake. Swali la msingi, basi, ni iwapo wawili hao wanajua la kufanya.

Jambo la kwanza ni kujilinda. Lori litolewe kabisa nje ya barabara, breki ya maegesho ifungwe na magurudumu yawekewe kabari. Pembetatu za tahadhari ziwekwe mbali nyuma ya tela, na penye kona ziwekwe kabla ya kona. Haitoshi kuwasha indiketa zote kwa pamoja, kwani umeme wa tela ukiwa umekatika, indiketa hizo huwaka mbele tu. Mawe na matawi ya miti yasitumike badala ya pembetatu, na kama yametumika kwa dharura, yaondolewe kabla ya kuondoka.

Jambo la pili ni kutazama namna taa zilivyokosekana, kwani namna hiyo huonyesha chanzo. Ikizimika taa moja tu, mshukiwa wa kwanza ni balbu au kikalio chake chenye kutu. Indiketa ikipepesa haraka kuliko kawaida, mara nyingi balbu moja ya upande huo imeungua. Taa za breki zikikosekana kwenye kichwa cha lori na kwenye tela pia, chunguza fyuzi na swichi ya pedali ya breki. Taa za kichwa zikiwaka na za tela zote zikawa kiza, anza na plagi: ichomoe, safisha pini zake, zikaushe, kisha ichomeke hadi mwisho. Kuazima waya wa tela kutoka kwa lori jingine kunaweza kutoa jibu ndani ya dakika chache.

Dalili inayowasumbua wengi ni taa kuchanganyikiwa: dereva anakanyaga breki, indiketa zinafifia, anawasha indiketa, taa nyingine zinapepesa. Hapo kwa kawaida balbu ni nzima. Tatizo ni waya wa hasi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri, uliolegea au kuliwa na kutu. Kubadilisha balbu hakutasaidia. Kinachotakiwa ni kusafisha na kukaza maungio ya waya huo.

Fyuzi iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zile zile. Ikiungua tena, kuna shoti, na shoti hiyo itafutwe. Kuweka kipande cha waya au karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara badala ya fyuzi ni kuhamishia hatari kwenye nyaya, ambazo zitapata moto badala ya fyuzi. Kwa lori la mafuta, hilo halihitaji maelezo. Vilevile, balbu zinunuliwe kwa kusoma maandishi yake: malori mengi hutumia volti 24, na balbu ya volti 12 ikifungwa humo huungua mara moja.

Dereva aliye peke yake anaweza kukagua taa za breki kwa kurudi nyuma karibu na ukuta usiku na kutazama mwanga mwekundu kwenye kioo. Mahali pazuri pa ukaguzi ni pale lori linaposimama kwa lazima, kama kwenye mizani ya Vigwaza, na kabla ya kuingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, ambako kushuka garini usiku ni hatari nyingine.

Endapo tatizo halikutatuliwa, safari isubiri mapambazuko au fundi. Hapa ndipo wajibu wa mmiliki unapoonekana. Mmiliki anayempigia simu dereva kumhimiza afike, huku hakumpa balbu, fyuzi, tochi wala pembetatu, ni mshirika wa hatari hiyo. Ruhusa ya kusafiri saa 24 itawanufaisha wananchi ikiwa kila tela linaloingia barabarani usiku linaonekana. Gharama ya kulionyesha ni ndogo, na anayeokolewa nayo ni abiria ambaye dereva wa lori hatamjua kamwe.