Kompyuta Nayo Inahitaji Kinga

Sisi wahudumu wa afya wa kujitolea tunapita nyumba kwa nyumba tukisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa kompyuta zinazotunza kumbukumbu, wengi tunasahau.

Tarehe 25 Januari 2003, kirusi cha kompyuta kiitwacho Slammer kilipenya kwenye kasoro ya programu ya kumbukumbu ya Microsoft, SQL Server 2000. Hakikufuta kumbukumbu, kilijisambaza kwa kasi hadi mtandao ukaziba. Kilishika kompyuta zisizopungua 75,000, nyingi ndani ya dakika 10. Huko Marekani, mashine za kutolea pesa zilikwama, na karibu na Seattle wapokeaji wa simu za dharura walirudia kalamu na karatasi.

La kusikitisha, marekebisho yalikuwepo tangu Julai 2002, tena bure. Wengi hawakuyaweka.

Maoni yangu: wanaotunza kompyuta za kliniki waweke marekebisho mapema, na daftari lisiachwe. Mama aliyeleta mtoto kuchanjwa asirudishwe nyumbani eti kompyuta imekwama. Nawe mama, tunza kadi ya mtoto.