Si ndege, ni kikosi

Leo naweka kando mambo ya programu kidogo nizungumzie ndege za kivita za mwanzo kabisa, zile za Vita vya Kwanza vya Dunia. Watu wakizungumzia ndege hizi huuliza mambo mawili tu: ipi ilikuwa na kasi, na rubani gani aliangusha ngapi. Kwa maoni yangu, historia yenye faida kwetu ni ya vikosi.

Tuanze na mashine. Aprili 1915 Mfaransa Roland Garros alifunga vipande vya chuma kwenye pangaboi la ndege yake ili risasi zikiligonga zichepuke, akaanza kupiga rashasha moja kwa moja mbele. Tarehe 18 mwezi huo akalazimika kutua upande wa Wajerumani. Miezi michache baadaye kampuni ya Fokker ikaleta dawa bora zaidi: fimbo inayosukumwa na injini, ambayo huiruhusu bunduki kufyatua pale tu ubapa wa pangaboi unapokuwa haupo mbele ya mtutu. Hebu piga hesabu. Pangaboi la bapa mbili, likizunguka mara 1,200 kwa dakika, hupita mbele ya mtutu mara 40 kila sekunde! Na hapo hakuna kompyuta wala transista.

Lakini ndege yenyewe, Fokker E.I, ilikuwa ya kawaida tu: injini ya nguvu za farasi 80. Isitoshe, Wajerumani waliigawa moja moja, mbili mbili, kwa vikosi vya upelelezi. Silaha mpya, mpangilio wa zamani.

Sasa tazama Waingereza. Februari 1916 kikosi nambari 24 kilifika Ufaransa kikiongozwa na Meja Lanoe Hawker. Ndege zake zote zilikuwa za aina moja, DH.2, za kiti kimoja, na kazi yao ilikuwa moja: kupigana. Injini ilikuwa nyuma ya rubani, hivyo bunduki haikuhitaji ile fimbo ya Fokker. Tatizo ni kwamba ukikosea kidogo DH.2 ilianza kuzunguka kama pia kuelekea chini, na marubani wakaingiwa na hofu. Hawker akapanda mwenyewe, akaizungusha makusudi, akairudisha sawa, kisha akawafundisha vijana wake. Wenzangu wa programu mtaitambua kazi hiyo: hitilafu unaisababisha makusudi, unaielewa, halafu unawaonyesha wengine.

Agosti 1916 Wajerumani nao wakaanza kuunda vikosi vya kupigana tu. Kimoja, Jasta 2, alipewa Oswald Boelcke, ambaye alikuwa ameandika kanuni nane: liweke jua mgongoni, fyatua ukiwa karibu, adui akikujia mgeukie badala ya kukimbia, na nyinginezo. Alifundisha kikosi chake kwa kanuni hizo. Tarehe 28 Oktoba 1916 akafa, baada ya ndege yake kugusana na ya mwenzake wa kikosi hichohicho. Je, kikosi kilikufa naye? La. Tarehe 23 Novemba 1916 mwanafunzi wake, Manfred von Richthofen, alimwangusha Hawker mwenyewe.

Najua mtaniambia: Richthofen alikuwa na Albatros D.II, nguvu za farasi 160 na bunduki mbili, kwa hiyo ni mashine iliyoshinda. Ni kweli, mashine ilisaidia sana, sibishi. Lakini angalieni tarehe. Ubabe wa Fokker haukumaliza mwaka. Wa DH.2 ulidumu miezi tu. Mashine zilipitwa moja baada ya nyingine, ila ule mpangilio wa kikosi cha kiti kimoja chenye mafunzo na kanuni zake ulibaki hadi mwisho wa vita.

Kwa nini nayasema haya hapa Kenya? Kwa sababu tuna ugonjwa wa kusifu mashine mpya na fundi mmoja hodari. Nimeona ofisi ikinunua seva ya bei, kijana mmoja akaielewa yote kichwani mwake, hakuna aliyemwomba aandike chochote. Alipopata kazi kwingine, wiki mbili tu mfumo ukalala, na wateja wakabaki wakipanga foleni. Boelcke aliacha karatasi. Huyu hakuachiwa hata nafasi ya kuiandika.

Tukumbuke pia mafundi wa injini. Bila wao hakuna rubani aliyepaa, lakini majina yao si rahisi kuyakuta kwenye orodha za mashujaa. Yako kwenye kumbukumbu za vikosi, na ndiyo sababu nazipenda.

Kwa hiyo ukianzisha mradi, kabla ya kuuliza utanunua mashine gani, uliza nani ataandika kanuni nane. Mwasemaje?