TAA PEKE YAKE HAITOSHI

Dereva aliyepata kuiona taa ndogo ya manjano yenye umbo la injini ikiwaka mbele ya usukani aijua hofu yake. Taa hiyo haisemi neno. Huenda ni kifuniko cha tangi tu hakikukazwa. Huenda silinda imeacha kuchoma mafuta. Yote mawili huwasha taa ile ile.

Lakini injini yenyewe yajua. Marekani ilishurutisha kwa sheria kwamba magari madogo, kuanzia ya mwaka 1996, yawe na soketi ya pini 16 karibu na usukani, na kompyuta ya gari iandike makosa ya kawaida kwa namba zilizo sawa kwa viwanda vyote. Ulaya ikafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli. Namba P0301 maana yake silinda ya kwanza inamisi, kama wasemavyo mafundi. Basi habari imo ndani ya gari, na mwenye gari asiye na mashine ya kupimia kwa kawaida hawezi kuisoma mpaka amlipe aliye nayo. Akimkosa, hubadilishiwa plagi, kisha koili, kisha pampu, kwa kubahatisha, na kila bahati nasibu ina bei yake.

Twauliza: dashibodi nyingi sasa ni kioo cha kompyuta; kwa nini namba hiyo na maana yake visiandikwe hapo? Nafasi ipo. Kioo hicho hicho humwonyesha dereva jina la wimbo unaopigwa redioni!

Hatusemi kila kipimo kichezecheze mbele ya macho. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 44 katika sekunde mbili za kutazama chini. Mwendoni yatosha joto la maji, presha ya oili na hali ya betri. Mengine yasomwe gari likisimama. Na hapo wachoraji wamekosea vibaya: katika magari madogo mengi wameiondoa sindano ya joto, wakaacha taa ya buluu na nyekundu. Sindano ilimwonya dereva joto likiwa bado lapanda. Taa nyekundu huja wakati joto limekwisha kupita kiasi.

Tena kuna lugha. Magari mengi yaliyotumika, yaletwayo Tanzania na Kenya kutoka Japani, huja na vioo vyenye maandishi ya Kijapani. Mtu aliyesoma akawa mwalimu huketi ndani ya gari alilolinunua kwa jasho lake, akabahatisha kama asiyejua herufi. Kutia Kiswahili katika kompyuta ya gari ni kazi ya kuandika maneno. Hakuna chuma kitakachofuliwa upya. Wenye viwanda wanaotaka fedha zetu na waifanye.