Gari Kuukuu na Washauri Wake

Nawapinga wanaosema gari lililotembea kilometa 400,000 likifa giaboksi liuzwe chuma chakavu. Injini haitoi moshi, chesisi haijala kutu. Kosa lake nini? Giaboksi za mtumba zipo Gerezani, Dar es Salaam, kwa sehemu ndogo tu ya bei ya gari jingine. Ila usinunue kwa macho. Imwagwe oili kwanza. Ikitoka na vipande vya chuma, iache hapo hapo. Na klachi iliyochoka ibadilishwe siku hiyo hiyo, maana kuishusha giaboksi mara ya pili ni kumlipa fundi mara mbili. Mshauri wangu mimi, mstaafu, alitaka nikope benki ninunue jingine. Hata oili hakuwa ameichungulia!