K'Ogalo, Kabla Hamjasajili Mtu, Lipeni Watu

Wasee, dirisha la usajili liko karibu kufunguka na hapa Migosi kila mtu ana orodha. Kinyozi ana orodha. Mama wa chapo ana orodha. Jamaa wa tuktuk aliyenibeba juzi kutoka Kondele alinitajia wachezaji saba ambao Gor Mahia lazima iwachukue, na alipomaliza nikamuuliza ni wangapi amewahi kuwaona wakicheza. Akanyamaza. Hakuna hata mmoja.

Beste yangu mwingine hukesha usiku kutazama drafti ya NBA. Kule Marekani timu zilizofanya vibaya ndizo hupewa nafasi nzuri za kuchagua vijana wapya. Akaniuliza, "Gor wangekuwa na drafti, wewe ungechagua nani wa kwanza?"

Nikamwambia ningechagua risiti ya mshahara.

Akacheka. Mimi sikuwa natania, na leo nitaeleza kwa nini, hata kama wengine mtanitukana.

Msimu umetuuma, hilo tukubaliane. Ligi ya 2024/25 imeenda kwa Kenya Police, mara yao ya kwanza kabisa. Tukasema sawa, angalau kuna kombe. Tukafika fainali, tukapatana na Nairobi United, timu ya daraja la pili, wakatuchapa 2-1. Daraja la pili! Sisi mabingwa mara 21, sisi wenye Kombe la Washindi la Afrika la 1987, tukarudi nyumbani mikono mitupu.

Na sasa kwa sababu tuna uchungu, tunataka majina. Winga kutoka Ghana. Straika kutoka Kongo. Kipa kutoka popote, mradi jina lake ni gumu kutamka. Tunadhani tatizo ni kwamba hatukununua vya kutosha. Mimi nasema tatizo letu ni la kitambo kuliko huu msimu, na jina jipya halitalitatua.

Hebu tukumbuke 2023. Gor ilichukua ligi ya 20. Tulicheza mtaani mpaka asubuhi. Halafu tukaambiwa hatuendi Ligi ya Mabingwa Afrika. Kufungwa hatukufungwa na mtu. Tulinyimwa leseni ya CAF kwa sababu ya madeni, watu waliofanya kazi na hawakulipwa. Bingwa wa Kenya akabaki nyumbani kama mtoto aliyerudishwa kwa sababu ya karo. Na si mara moja tumeshika kichwa kwa sababu hiyo. FIFA pia imewahi kutufungia kusajili.

Wengi wetu tunalaani tu bila kujua hii kitu inaendaje, kwa hivyo wacha niieleze polepole.

Mchezaji akikaa miezi miwili bila mshahara, sheria za FIFA zinamruhusu aandikie klabu notisi ya siku 15. Wasipolipa, anaweza kuvunja mkataba na kuondoka na haki yake yote. Akiwa mgeni, kesi yake inaenda moja kwa moja FIFA. Akishinda, klabu inapewa siku 45 kulipa. Zikipita, klabu inafungiwa kusajili, na kifungo kinaweza kufika madirisha matatu mfululizo. Kwa hivyo yule straika uliyemlilia, ambaye alicheza mechi nne akaumia goti, akikaa bila kulipwa anaweza kukuzuia kusajili watu wengine kumi. Mchezaji wa bei ghali zaidi ni yule ambaye hukumlipa.

Haya nayasema kwa sababu nimeyaona sebuleni kwetu.

Cuzo yangu ni beki wa kushoto. Tumelelewa pamoja hapa Migosi, keja moja, kitanda kimoja, mimi upande wa ukuta. Akiwa na miaka 20 klabu moja ilimchukua. Sitaitaja, na msianze kukisia. Mkataba aliusaini juu ya boneti ya gari, nakala hakupewa. Siku anaondoka shangazi alichinja kuku, majirani wakaja, mzee mmoja akaomba mpaka chakula kikapoa.

Mshahara ulikuja miezi miwili. Wa tatu ukaja nusu. Wa nne zikaja hadithi: ngojeni mechi ya Jumapili, watu wakijaa tutawamalizia. Watu walijaa. Hawakumaliziwa. Akaanza kutembea kwa miguu kwenda mazoezini, anakunywa chai kavu, kisha anaambiwa na kocha hana stamina. Mwenye nyumba akapiga kufuli nguo zikiwa ndani. Siku moja usiku alinipigia simu niombe shangazi nauli, kwa sababu yeye mwenyewe aliona aibu.

Leo anaendesha boda. Kazi ni kazi, simdharau, inalisha watu. Lakini siku ya mechi anazima redio. Buti zake ziko chini ya kitanda mpaka leo. Shangazi alitaka kumpa mtoto wa jirani, akakataa. Hazivai na hazitoi.

Kwa hivyo ukinipigia kelele za "tusajili, tusajili", mimi nasikia kufuli.

Sasa najua mtasema mimi sitaki wageni. Wacha. Mimi si mjinga. Meddie Kagere alikuja kutoka Rwanda akatufungia mpaka Simba wakaja kumchukua, na kule Tanzania akaendelea kufunga mpaka akawa mfungaji bora. Jacques Tuyisenge alitubeba mpaka Angola wakamtaka. Dan Sserunkuma wa Uganda, nani amemsahau? Hao tuliwapenda kama ndugu zetu. Mgeni mzuri anakaribishwa Nyanza, na samaki anakatiwa kipande cha kichwa.

Ninachokataa ni yule mgeni wa video ya dakika mbili. Anakuja na mziki nyuma na mabao aliyofunga miaka mitatu iliyopita, anapigwa picha na jezi ya kijani, sisi tunafurahia wiki moja. Kufika nusu ya msimu hata benchi hayuko. Kinachobaki ni barua kutoka Zurich.

Na wakati tunamngoja huyo, angalia tulichonacho hapa.

Benson Omala alikuwa mwanafunzi wa Kisumu Day. Akapitia Western Stima, Gor wakamchukua akiwa bado shule. Kijana wa hapa, si video. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 26. Msimu uliofuata akafunga 19 na kuwa mfungaji bora wa ligi, sisi tukachukua ubingwa wa 21. Halafu Lebanon wakamwita. Na mwaka 2015 Michael Olunga alikuwa na miaka 21 tu alipotufungia mabao 19 tukachukua ligi bila kupoteza mechi hata moja, kisha akaenda Sweden. Kwa hivyo mtu asiniambie kijana wa Kenya anahitaji miaka kumi kuiva.

Lakini njia ambayo Omala alipitia inazibwa. Western Stima ilipoteza mdhamini 2020, mwaka uliofuata ikashuka. Kisumu All Stars walipanda 2019, hawakukaa. Msimu uliopita hakukuwa na timu hata moja ya Kisumu kwenye ligi kuu. Tuna uwanja wa Mamboleo uliofunguliwa Madaraka 2021, nyasi safi kabisa, na vijana wa kuuchezea wanahangaika kwenye vumbi karibu nao.

Njoo Migosi jioni yoyote uone. Kuna kijana hapa, sitamtaja jina kwa sababu bado ni mtoto wa shule, anacheza namba sita. Anapokea mpira akiwa ameshaangalia nyuma. Hakufundishwa na mtu, ni kuogopa tu kugongwa na wakubwa. Nani kutoka klabu kubwa amekuja kumwona? Hakuna. Kumfikia kutoka mjini ni nauli ya tuktuk. Mtu wa video anakatiwa tiketi ya ndege.

Na kama moyo hautoshi, basi tuongee ganji, maana viongozi wanasikia hiyo lugha. FIFA ina kitu kinaitwa mchango wa mshikamano. Mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja hadi nyingine, asilimia 5 ya hiyo pesa inagawiwa klabu zilizomlea kutoka miaka 12 mpaka 23. Mwaka mmoja wa kumlea kati ya 16 na 23 ni nusu asilimia. Chukua kijana ana miaka 17, kaa naye miaka minne. Baadaye klabu moja ya Ulaya imuuze kwa nyingine kwa shilingi milioni 100. Wewe uliye Kenya, ambaye hata hukuwa mezani, unapata milioni 2. Akiuzwa tena, unapata tena. Yule mgeni wa miaka 29 atakuletea nini akiondoka? Kesi.

Kuna mtu atasema Gor haina tajiri. Ni ukweli. Ulinzi wana jeshi, Police wana polisi, KCB wana benki, Tusker wana bia. Sisi tuna sisi. SportPesa walipoondoka 2019 tuliona vile jahazi liliyumba. Lakini huyo asiye na tajiri ndiye anayefaa kuhesabu senti, si kununua kwa hasira. Mtu aliyesota hanunui sofa wakati anadaiwa keja.

Na hapa ndipo wengi mtanichukia, kwa sababu nakuja kwetu sisi mashabiki.

Sisi ndio tunawasukuma viongozi. Kiongozi akisema, "Mwaka huu hatusajili mtu, tunalipa madeni," tutamfanya nini? Tutamuimbia nyimbo za matusi. Tutasema ameuza timu. Kwa hivyo anafanya kile kinachomwokoa: anatuletea sura mpya uwanja wa ndege, tunanyamaza. Tumewafundisha kutudanganya, kisha tunashangaa kudanganywa.

Halafu siku ya mechi, si tuambiane ukweli, wangapi wanalipa? Najua watu wazima wanaoruka ukuta na jezi mpya mgongoni. Najua msee aliyeweka elfu moja kwenye mkeka Jumamosi, halafu Jumapili akabishana mlangoni juu ya tiketi. Mimi mwenyewe niliwahi kuruka huo ukuta nikiwa form two, nikajisifu wiki nzima. Leo nikimwona cuzo akifuta pikipiki yake asubuhi najiuliza nani alikosa mshahara siku ile nilipojiona mjanja.

Timu yetu imebeba jina la jabilo wa Kanyamwa, mtu ambaye hadithi zinasema alikuwa anaweza kujigeuza kitu chochote. Sawa. Lakini hata yeye hakuna mahali nimesikia aligeuza deni likawa mshahara.

Kwa hivyo orodha yangu ya usajili ndiyo hii.

Wa kwanza: deni. Kabla jina lolote halijatangazwa, viongozi watuambie klabu inadaiwa ngapi, nani ameshalipwa, nani bado. Wachezaji waliotoka jasho msimu uliopita walipwe mpaka senti ya mwisho, hata wale tuliowazomea. Hasa wale tuliowazomea.

Wa pili na wa tatu: vijana wawili wa huku ziwani, chini ya miaka 19. Mtu atumwe Kisumu Day, atumwe Agoro Sare, atumwe viwanja vya Migosi na Manyatta, akae wiki mbili, asije na simu tu. Wapewe mikataba ya miaka mitatu, mzazi akiwa amekaa hapo, karo ya shule ikiwa ndani ya mkataba, na nakala waende nayo nyumbani. Si juu ya boneti.

Wa nne: mgeni mmoja. Mmoja tu, wa kiwango cha Kagere, na mshahara wake wa mwaka mzima uwe benki kabla hajapanda ndege. Hayuko? Basi nafasi ibaki wazi, hatutakufa.

Utaniambia kwa orodha hiyo hatuchukui ligi mwaka ujao. Labda. Tulikaa kutoka 1995 mpaka 2013 bila ligi, miaka 18, na bado tulijaza viwanja. Kama tuliweza kungoja miaka 18 kwa sababu ya fujo, tunaweza kungoja miwili kwa sababu ya mpango. Na 2023 imetuonyesha kwamba unaweza kuchukua ligi na bado ukabaki nyumbani.

Mimi nimeanza na yangu. Mechi ya kwanza ikiwa Mamboleo, nitanunua tiketi mbili. Ya pili ni ya cuzo. Amesema haji. Nimemwambia sijamuuliza kama anakuja, nimemwambia tu imelipwa.

Na wewe mwenye winga wako Mghana, mlete bwana, tumuone. Lakini mlete pamoja na mshahara wake.