Uyoga wa uani usiuharakishie sufuria

Mvua za Machi hadi Mei zikishakolea, je, msomaji, umewahi kuamka ukakuta uyoga mweupe, mpana kama sahani, umeota kwenye nyasi mahali ambapo jana hapakuwa na kitu? Unamwita mwenzako aje aone. Jirani naye anachungulia juu ya ua na kutangaza, "Hiyo ni mboga hiyo. Kwetu tunakula kila mwaka."

Nina neno na jirani huyo. Pengine ni mtu mwema na hana nia mbaya, lakini kauli yake ndiyo inayowafikisha watu hospitalini.

Nasema hivi kwa sababu yalitukuta. Katika ploti tuliyokuwa tukipanga zamani, uyoga wa namna hiyo uliota karibu na shimo la maji machafu. Mke wangu alichuma nusu karai. Haukupikwa kwetu usiku huo kwa sababu tu nilikuwa nimerudi na nyama. Sikuwa na hekima yoyote ya kujivunia. Mlinzi wa ploti aliomba apewe, akala na jamaa yake. Saa mbili hazikupita kabla hawajaanza kutapika na kuhara. Walipona wote, ila mtoto wao wa miaka minne alilazwa siku mbili akitundikiwa maji. Karai lile lilitoka jikoni kwangu, na sijalisahau.

Kwa jinsi ninavyoukumbuka, ulifanana sana na ule ambao wataalamu huuita Chlorophyllum molybdites. Huu huota kwenye nyasi za nyumbani katika nchi nyingi za joto, Kenya ikiwemo. Kofia yake ni nyeupe yenye magamba ya kahawia, na shina lina pete. Ukiugeuza, zile kunjo nyembamba zilizo chini ya kofia huwa nyeupe kwanza, kisha zikikomaa hugeuka rangi ya kijani kibichi. Ukitaka kuhakikisha, kata kofia uilaze juu ya karatasi nyeupe, uifunike kwa bakuli hadi asubuhi. Ukikuta vumbi la kijani, umeshamjua mgeni wako. Lakini usinielewe vibaya: vumbi likiwa jeupe au la kahawia, hiyo si ruhusa ya kuwasha jiko. Kuna uyoga wenye vumbi jeupe unaoua.

Na huo unaoua una hila. Amanita phalloides, kwa mfano, hauna uchungu mdomoni. Mtu anaweza kula, akashiba, akalala salama. Baada ya saa 6 hadi 24 ndipo tumbo linaposokota, akatapika na kuhara. Siku ya pili au ya tatu anapata nafuu, watu wa nyumbani wanashukuru, kumbe sumu inaendelea kulila ini. Macho yanapogeuka manjano, mara nyingi muda umekwisha kupotea. Sumu hiyo haiondoki kwa kuchemshwa, kukaangwa wala kukaushwa juani.

Wazee wetu walijua uyoga, hilo silipingi. Nyanya yangu alikuwa akitoka alfajiri baada ya mvua kwenda kwenye kichuguu fulani, akarudi na obwoba wa kutosha jamaa nzima. Lakini angalia alichokijua hasa: kichuguu kile, msimu ule, uyoga ule ule ambao mamaye alimwonyesha. Uyoga wa vichuguuni hulimwa na mchwa, na hauoti popote pale. Ujuzi huo haupandi basi kuja mjini. Mnamo Januari 2012 mjini Canberra, Australia, mpishi aliyetoka Uchina na mwenzake wa kazi walikufa baada ya mlo wa mkesha wa Mwaka Mpya uliokuwa na Amanita phalloides. Inaaminika mpishi aliudhania uyoga unaoliwa kwao. Huyo kazi yake ilikuwa jikoni, msomaji. Sembuse mimi na wewe?

Kuna na zile kanuni za jikoni. Ati utie kijiko cha fedha, kikiwa cheusi ni sumu. Ati utie kitunguu. Ati ukiona konokono amekula, nawe unaweza kula. Zote ni uongo. Konokono ana tumbo lake na wewe una lako. Siku hizi pia watu hupiga picha kwa simu na kuiuliza programu jina la uyoga. Kwa udadisi, sawa. Kwa chakula cha watoto, hapana, kwani picha haionyeshi kile kifuko kilichozikwa udongoni chini ya shina, nacho ni alama kubwa ya jamii ya Amanita.

Hata ungekuwa wa kuliwa, uyoga hufyonza risasi na kadimiamu kutoka udongoni, na udongo wa kando ya barabara zetu na majalala yetu tunaujua. Anayependa uyoga anunue uliolimwa.

Kuugusa tu hakudhuru, basi usipige mayowe. Ung'oe kabla watoto hawajaamka, uutupe, unawe mikono. Ukitaka kujua jina lake, peleka mmoja mzima pamoja na kitako chake, ndani ya mfuko wa karatasi, kwa wataalamu wa mimea wa Makumbusho ya Taifa, Nairobi, au idara ya botania ya chuo kikuu.

Na kama mtu ameshakula, usimpe maziwa wala maji ya chumvi ili atapike. Mkimbize hospitalini hata kama hajaanza kuumwa, ukibeba mabaki, yawe mabichi au yaliyopikwa. Mwambie daktari saa aliyokula na saa alipoanza kuumwa, kwa maana saa hizo mbili humsaidia kukisia ni sumu ya aina gani. Tumbo likitulia kesho yake, usimtoe wodini mpaka daktari apime ini.

Uyoga wenyewe utarudi. Nyuzi zake nyembamba ziko chini zikila mabaki yanayooza, na mvua za Oktoba zikinyesha utauona tena pale pale, na jirani atachungulia tena juu ya ua.