Kilichoua hoteli za Shanzu si ugaidi pekee

ANAYETOKA Kisauni kuelekea Mtwapa kwa barabara ya Malindi, akakata kulia Shanzu, hufika kwenye ufuo ambao kwa zaidi ya miaka 30 ulikuwa himaya ya kampuni moja. African Safari Club, iliyoanzishwa na Waswisi mwishoni mwa miaka ya 1960, ilimiliki hapo hoteli zilizopakana: Flamingo, Coral, Palm, Paradise na Shanzu Beach. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 himaya hiyo ilisambaratika.

Wengi huilaumu siasa na ugaidi, na hawajakosea kabisa. Mnamo Agosti 13, 1997, wavamizi walishambulia kituo cha polisi cha Likoni na kuua maafisa, ghasia zikaenea pwani ya kusini. Novemba 28, 2002, bomu lililipuka katika hoteli ya Paradise, Kikambala (isichanganywe na ile ya Shanzu), huku makombora yakiikosakosa ndege ya Israeli iliyokuwa imepaa kutoka uwanja wa Moi, Changamwe. Kisha zikaja vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007.

Hata hivyo, hoteli jirani zilipata mapigo yayo hayo na baadhi yazo zikanusurika.

Tofauti, kwa maoni ya mwandishi huyu, ilikuwa katika mpango wenyewe wa biashara. Kampuni ilikuwa na ndege yake, African Safari Airways, iliyowatoa wageni Ulaya hadi Mombasa moja kwa moja. Hoteli zilikuwa zake, na hata kambi ya kutazamia wanyama Tsavo ilikuwa yake. Mgeni alilipia karibu kila kitu kwao kabla hajafunga mkanda wa kiti. Katika miaka ya neema mpango huo ulijaza vyumba bila kutegemea ndege ya mtu mwingine. Lakini mnyororo wa aina hiyo hukatika wote kwa pigo moja. Shirika hilo la ndege lilipokoma mnamo 2008, hoteli hazikuwa zimezoea mteja mwingine wa kukimbilia.

Ajabu ni kwamba huko Uswisi kwenyewe, vijiji kadhaa vya milimani vimefunga viwanja vidogo vya kuteleza kwenye theluji kwa sababu zinazokaribiana: msimu mmoja, mgeni wa aina moja, na theluji inayozidi kuadimika. Waliokimbia baridi hiyo kuja Shanzu waliacha nyuma tatizo walilolikuta huku.

Kwa kuwa fedha za mgeni zilibaki Ulaya, kilichofika mitaani aghalabu kilikuwa mshahara. Wa mpishi, wa dobi, wa mtunza bustani. Huo ndio uliolipa kodi ya nyumba Bamburi na karo ya watoto, na ulipokoma hapakuwa na akiba nyingine ya kijiji.

Baadaye kampuni ya PrideInn ilizifufua Paradise na Flamingo. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake dhidi ya ukanda wa Mtwapa hadi Tiwi, onyo lililoondolewa Juni 2015. Wenye hoteli wakazidi kumtazama Mkenya. Tangu 2017 garimoshi la kisasa humleta kutoka Nairobi hadi Miritini.

Ukumbini Shanzu, hata hivyo, wanaoonekana mara nyingi ni maafisa wa wizara, kaunti na mashirika ya umma waliokuja kwa warsha. Na Hazina Kuu inapokaza mkoba, warsha huwa miongoni mwa vitu vya kwanza kufutwa.